Sahihi kwenye kitabu cha babu

SWALI: Shikamoo Mzee wa Vitabu. Marehemu babu ameniachia riwaya ya Weep Not, Child, yenye mwaka 1964 ndani. Mwandishi amemwandikia babu humo kwa jina na kutia sahihi “Ngũgĩ wa Thiong’o”. Ni chapa ya kwanza? Nifute jina la babu ndipo niuze? — Msomaji, Moshi

JIBU: Marahaba, mjukuu. Funua nyuma ya ukurasa wa jina la kitabu. Ukikuta 1964 pekee, pasipo miaka ya kuchapwa tena, una bahati, maana wachapishaji wake, Heinemann, walikirudia mara nyingi na kikasomwa sana mashuleni.

Halafu tazama jalada. La 1964 linasema James Ngugi. Hilo “James” aliliacha baadaye. Kwa hiyo, ikiwa ni chapa ya kwanza kweli, sahihi yako ilitiwa miaka kadhaa baada ya kitabu kutoka. Hilo peke yake si dalili ya kughushi. Ila sahihi ya “James Ngugi” ndiyo ingeninyima usingizi kwa furaha!

Kufuta? Thubutu! Tafuta barua au picha inayoonyesha babu alikutana naye wapi, uiweke pamoja na kitabu. Na jalada likichanika usiguse selotepu. Mimi niliibandika ujanani. Ile gundi imeacha doa la manjano mpaka leo.