Jibu: Mashine ya kunolea ya mtumba kwa 180,000, nikiiuza baadaye pesa yangu itarudi?

Usimtumie muuzaji hiyo pesa ya kushikia mzigo. Nimeiona picha uliyoweka. Rangi ya kijani mbichi imepakwa hadi juu ya kibati chenye maandishi ya kiwandani, na mimi kiungulia kimenirudia.

Mwaka wa 2021 nilinunua mashine kama hiyo, ya kunolea visu vya randa na misumeno ya duara, imetoka Uingereza, kwa shilingi 165,000. Dalali alikuwa pale Industrial Area, Nairobi, koti la mhandisi, maneno ya mganga. Akaiwasha, ikanguruma vizuri. Akaokota kipande cha nondo, akakigusisha kwenye jiwe, cheche zikaruka. "Umeona, bosi?" Nikaona. Tangu siku hiyo hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kuniletea nondo nimnolee.

Nilipoifikisha karakana yangu Kariobangi ndipo nikajua nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, tena mbuzi asiye na miguu. Mwili wa mashine hizi ni chuma tu. Kinachonoa ni viungo: kichwa kinachoushika msumeno na kuugeuza jino kwa jino, kidole kinacholizuia jino lisihame, na flanji za kufungia mawe. Yangu ilikuja na flanji moja na jiwe moja jeupe. Jiwe jeupe ni la visu vya chuma. Meno ya kabaidi, ile madini ngumu inayobandikwa kwenye ncha za meno ya msumeno, yanataka jiwe la almasi, na sikuwa na pa kulifunga, maana ncha ya shafti imechongwa kama karoti kwa kipimo cha kiwanda chao wenyewe. Flanji yake huipati ukizunguka maduka yote ya Kirinyaga Road. Nimezunguka.

Nikampigia dalali. Akasema viungo "huwa vinauzwa kando". Kando wapi, mzee? Akakata simu.

Basi nikaenda kwa fundi wa leithi, mashine ya kuchongea chuma, anichongee kichwa, 38,000 nyingine. Kikaja kinacheza kidogo, unene wa unywele. Nikajiambia unywele ni kitu gani. Msumeno wa kwanza wa mteja ulikuwa wa meno 60, na nilipomaliza, matatu au manne yalikuwa marefu kuliko wenzake. Jino refu ndilo linalokata, mengine yanasindikiza tu. Ukaunguza mbao za watu, moshi ukafuka utadhani jamaa anachoma mahindi. Aliurudisha mbele ya wateja wengine wawili. Nilicheka, ningefanya nini.

Umeuliza kama itashika bei. Mnunuzi anayejua kazi ataulizia viungo kwanza, na asipoviona anakupigia hesabu ya kilo, kama chuma chakavu. Hata hiyo kilo ilinikimbia: nilipoamua kuiuza Januari 2022, serikali ikapiga marufuku biashara ya chuma chakavu kwa sababu ya wahuni wanaobomoa minara ya stima. Marufuku yenyewe ikaondolewa Mei. Muda wote huo mashine ya 165,000 ilikuwa meza yangu ya chai. Mwishowe nikavua mota nikaiuza peke yake, mwili ukapanda mizani, jumla 31,000. Toa hesabu mwenyewe, mimi sitaki.

Kwa hiyo nenda na msumeno wako, butu, wa meno ya kabaidi, na kisu kimoja cha randa. Mwambie muuzaji anoe mbele yako, jino la kwanza hadi la mwisho, kisha mkate ubao nao hapo hapo. Nondo ikataeni. "Fundi wetu hayuko leo" ikatae pia, rudi siku ambayo yuko. Beringi zikiwa zimekufa, utaziona kwenye makali. Kiungo kikikosekana, atakwama mbele ya macho yako badala ya wewe kukwama kwako. Na akwangue ile rangi kwenye kibati msome volti, fezi na hezi, yaani ni stima ya aina gani mota inataka. Ikiwa ni ya fezi tatu, stima ya viwandani, na kwako una volti 240 za kawaida za fezi moja, hiyo ni gharama nyingine. Ikiwa imetoka Marekani, hezi 60, kwa stima yetu ya 50 mota yake itapungua mwendo kwa sehemu moja ya sita.

Umeuliza pia utoze wateja shilingi ngapi kwa jino; hilo wengine watakujibu, mimi kuna mtu ananingoja nje. Unaenda lini kuiona? Jumamosi nitakuwa Gikomba, naweza kukuazima msumeno butu. Ninao wa kutosha.