Uliza Bi Shamba: Mkadi wa Bibi

SWALI: Shikamoo Bi Shamba. Ua wa marehemu bibi yangu hapa Langoni, Lamu, una mkadi, asumini na mrehani wa zamani. Nasikia Marekani kuna bustani ya makumbusho inayohifadhi mimea ya kale na kuuza mbegu zake. Nami nianzeje? – Mwanasha

JIBU: Marahaba mwanangu. Bila shaka ni Monticello, Virginia, nyumbani kwa Thomas Jefferson. Kituo chao cha mimea ya kale kilianza 1987. (Waliolima enzi zake walikuwa watumwa, na hilo nalo lisemwe.)

Mwenye kero ni mrehani. Nyuki huchanganya chavua, kwa hiyo aina mbili zikichanua pamoja, mbegu huzaa kitu kingine. Funika tawi moja kwa mtandio mwepesi kabla halijachanua, ulitikisetikise asubuhi, usilivune mpaka vikonyo vikauke vikawa rangi ya kahawia. Asumini kata tawi upandikize, basi. Mkadi chukua chipukizi la ubavuni, ila la mti dume: ndio wenye kadi, yaani ua lake, la kunukia. Wauza vikuba, vile vishada vya maua na majani ya kunukia, wanalijua hili kuniliko mimi. Kila mmea uwekee kibao chenye jina lake na la aliyekupa.