Mtihani wa kuingia sekondari ya Kikatoliki Marekani

SWALI: Binti yetu yuko darasa la 8 hapa Marekani. Anataka sekondari binafsi ya Kikatoliki inayoandaa wanafunzi kwa chuo kikuu, nayo inatumia HSPT (High School Placement Test), mtihani wa kujiunga na sekondari. Sisi si Wakatoliki. Ajiandae vipi?

JIBU: Dini isiwatie hofu. Shule nyingi za aina hii hupokea wasio Wakatoliki, ila somo la dini atalisoma kama wenzake. Kinachowaangusha watoto wazuri kabisa ni muda: maswali 298 kwa dakika 141. Sehemu ya maneno (maana za maneno na uhusiano wake) pekee ina maswali 60 kwa dakika 16, yaani sekunde 16 kila swali! Afanye mazoezi saa ikiwa mezani. Akikwama, abahatishe asonge mbele. Jibu lisilo sahihi halipunguzi alama. Maombi ya msaada wa ada hujazwa kando, ulizeni tarehe yake mapema.