Jibu: Nimemaliza kidato cha nne, upishi wa hoteli naanzia wapi?
Mkuu, umeuliza kama bila stashahada utapokelewa jikoni. Utapokelewa. Tafuta chuo cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi Tanzania, chenye fani ya upishi. Ngazi za cheti cha taifa cha ufundi stadi (NVA) zinaanzia 1 hadi 3, na chuo chao cha hoteli na utalii kiko Njiro, Arusha. Kama tayari unapika mgahawani au kwa mama ntilie, ulizia urasimishaji ujuzi: unapimwa kwa unachokijua, ukifaulu unapata cheti.

Mwanzoni usitegemee kupika pilau. Ni usafi na kisu. Tandika kitambaa chenye unyevu chini ya ubao usiteleze, kunja ncha za vidole vinavyoshika kitunguu, ubapa wa kisu uguse vifundo. Vipande visipolingana, vidogo vinaungua na vikubwa bado vibichi.

Supu ya mifupa ndiyo inayowaumbua wengi: anza na maji baridi, moto mdogo, engua povu. Ikitokota kwa fujo, mafuta yanavurugika ndani ya maji na supu inachafuka rangi. Kuku afike joto la nyuzi 75 za Selsiasi, ukipima kwenye unene wa paja.

Nunua viatu visivyoteleza kabla ya kisu cha bei. Sakafu ya jikoni ina mafuta muda wote.