Watu kumi na mmoja getini

Jumamosi ya mwisho ya Desemba nilikuwa jikoni nakaanga samaki, simu ikaita. Mlinzi wa ukumbi.

"Mama Nuru, hamjambo huko? Hapa getini pana watu. Nimewahesabu, kumi na mmoja. Wanauliza leo kuna nini, ngoma au taarabu."

Nikamwambia, babu, sisi msimu wa maonyesho tulifunga Novemba, waambie. Akacheka. "Nimewaambia. Kuna mzee hapa anasema kama leo ni Jumamosi ya mwisho, basi lazima onyesho lipo."

Nilizima jiko, samaki wakabaki kwenye mafuta. Dar ya mwisho wa Desemba mnaijua. Wenye kwao wamekwenda kwao, daladala zina nafasi za kukaa, hata muuza mitumba amefunga. Halafu watu kumi na mmoja wamevaa, wametoka nyumbani, wamekuja kutazama onyesho ambalo halipo. Julai nilipofungua msimu, mabango yamebandikwa na gari la matangazo limezunguka siku mbili mtaani, waliolipa kiingilio walikuwa 23. Mmoja wao mama yangu mzazi. Wengine wawili walidhani ni mkesha wa maombi.

Wiki hiyohiyo kijana mmoja wa Morogoro akaniandikia: "Shikamoo dada, nimefuatilia msimu wenu. Na mimi nataka kuanzisha msimu wa muziki, ngoma na maigizo hapa kwetu, jina nimeshapata, nembo tayari, fulana zinachapwa. Nianze wapi?" Marahaba mdogo wangu. Najua mko wengi mnaoota ndoto hiyo, kila aliyewahi kupanda jukwaani hufika siku akasema, kwa nini nisubiri kualikwa, si nifungue pangu? Basi nitakwambia nilivyoanza mimi.

Nilianza vibaya.

Nilicheza upatu na wenzangu kumi, nikaomba nipokee wa kwanza. Nikauza na jokofu langu la barafu. Nikakodi ukumbi wa viti 180 kwa laki tatu na nusu kwa siku, kundi mgeni laki mbili, vyombo na fundi mitambo laki moja na nusu. Laki saba kabla sijamlipa hata mbeba viti. Kiingilio shilingi 5,000. Maonyesho matano, Julai hadi Novemba, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa 10 jioni ili kina mama wenye watoto wawahi usafiri.

Na la kwanza nikaweka nini? Mchezo wangu mwenyewe. Nimeuandika mimi, nimeuongoza mimi, na mhusika mkuu mimi. Nilikuwa nimeukalia miaka minne, nikaona msimu ni wangu, nani wa kunizuia? Siku ile nilicheza nikiwa naviona viti vitupu mpaka mstari wa nyuma, na kwenye sehemu ya kilio nililia kweli, maana nilikuwa napiga hesabu: mapato 115,000, hasara 585,000. Msifungue msimu na kazi zenu. Kama kazi ni nzuri itasubiri, na kama haiwezi kusubiri basi si nzuri kihivyo.

Lakini viti vitupu vya Julai havikuniuma kama Agosti.

Agosti ilikuwa zamu ya taarab. Kiongozi wa kundi lile ni mtu tuliyesoma naye sanaa, tumekula ugali sufuria moja, nguo za jukwaani tumeazimana. Sikumpa mkataba. Nitampaje mkataba mtu wa sufuria moja? Alhamisi usiku ananipigia: dada yangu, tumepata harusi Jumamosi, wanalipa mara nne, hebu lisogeze liwe Jumapili, watu si walewale? Nikalisogeza. Nikaandika kwenye mitandao, nikatuma kwenye makundi yote ya simu, nikabandika karatasi juu ya bango. Jumapili wakaja 31. Wakaimba vizuri, siwezi kusema uongo, ingawa hata wa kuwatunza hakukuwa.

Jumatatu nakwenda kurudisha ufunguo, mlinzi ananiambia: "Mama Nuru, juzi Jumamosi walikuja watu zaidi ya arobaini. Wakasimama, wakasoma karatasi, wakaondoka." Zaidi ya arobaini! Walikuja kwa sababu niliwaambia Jumamosi ya mwisho. Mimi ndiye niliyevunja. Yule rafiki bado namdai neno moja tu, samahani, na hajalitamka. Tukikutana misibani tunapeana mkono kama watu wa ofisi mbili tofauti.

Hapo ndipo nilipomkumbuka shangazi yangu. Miaka ya tisini alikuwa hakosi maonyesho ya makundi makubwa ya jiji, Muungano na Tanzania One Theatre, na mara nyingi nilikwenda naye nimeshika pindo la khanga yake. Vijana wa leo hamkuyaona. Mchana mnaanza na ngoma, sindimba au lizombe, inakuja sarakasi, kinakuja kichekesho, igizo, na usiku ndiyo taarab, Khadija Kopa upande huu, Nasma Khamis upande ule, mashabiki wakirushiana mafumbo. Aliyekuja kwa ajili ya taarab alikuwa ameshaangalia ngoma apende asipende, na mtoto aliyeletwa kwa ajili ya sarakasi aliondoka amejua igizo ni nini. Huo ndio msimu wa muziki, ngoma na maigizo mnaoutafuta, na ulikuwa unafanyika kwenye baa, juu ya viti vya chuma.

Ila nilichokikumbuka hasa ni kwamba shangazi hakuwahi kutafuta tangazo. Kila kundi lilikuwa na siku zake na kumbi zake, na shangazi aliijua siku kama alivyoijua siku ya gulio. Angepika mapema, angefua mapema. Hakuuliza leo kuna nini. Alikuwa anakwenda kwenye siku.

Kwa hiyo nikaandika kwa chaki kwenye mlango wa chumba changu: SIKU HAISOGEI. Septemba haikusogea. Tulileta bugobogobo, na mwenye ukumbi alipoona vijana wanashusha majembe kwenye gari alinivuta pembeni. "Hayo yanarushwa? Juu ya mbao zangu?" Yanarushwa, mzee, ndiyo ngoma yenyewe, Wasukuma wanalima kwa ngoma. Tukatandika mazulia manne ya misikitini tuliyoazima kwa jirani (tuliyarudisha safi, na nilimwambia yatafanya kazi gani). Watu 64.

Oktoba ilikuwa zamu ya bendi ya vijana, na kukawa na mechi kubwa jioni ileile, sitasema ya nani msije mkanichagulia timu. Kila mtu akaniambia ahirisha. Niliogopa kweli, maana kwenye jiji hili siku ya mpira hata mganga hapati mteja. Sikuahirisha. Nilianza saa 10 kamili, nikamaliza kabla filimbi haijapulizwa, nikatangaza mlangoni kwamba mwenye kuwahi mechi atawahi. Watu 98, na nusu yao wamevaa jezi. Sijawahi kuona bendi inashangiliwa namna ile.

Novemba mvua za vuli zilinyesha toka asubuhi. Onyesho la kufunga: ngoma, kichekesho kifupi, taarab mwisho, mpango wa shangazi mtupu. Nilikuwa nimemwalika mgeni rasmi. Saa 10 ikafika, mgeni rasmi hayupo, msaidizi wake kwenye simu anasema tuko njiani, msianze. Ukumbi una watu 171 waliokanyaga matope. Nikamwangalia yule mzee wa mstari wa pili, ambaye huja na mto wake wa kukalia toka nyumbani, kaangalia saa. Nikamwambia mpiga ngoma piga.

Mgeni alifika tuko kwenye kichekesho. Alikaa, alicheka, alipiga makofi. Msaidizi wake ndiye mpaka leo hanisalimii, na ufadhili tulioahidiwa kwa mdomo umeyeyuka. Sawa. Nimeshakaa kwenye kumbi nyingi za nchi hii nikisubiri kiti kimoja cha mbele kijae huku watu wa viti mia mbili vya nyuma wanaanza kuondoka. Tumewafundisha watazamaji wetu kwamba saa 10 maana yake saa 12, halafu tunalalamika hawaji saa 10! Nani alianza kudanganya? Sisi wasanii tunapenda kusema Watanzania hawathamini sanaa. Watanzania wanathamini muda wao, na sisi tunautumia kama wa bure. Hili nalisema hata kama litaniudhi mimi mwenyewe, maana na mimi nilikuwa hivyo.

Sasa wewe wa Morogoro, hesabu zangu hizi hapa, sitaki kukupamba. Waliolipa msimu mzima ni 387, mapato 1,935,000, matumizi 3,500,000. Hasara milioni moja na nusu na ushee. Onyesho la mwisho peke yake ndilo lililobakiza kitu, 155,000. Jokofu halijarudi. Upatu bado nalipa.

Kuhusu kalenda, ikae mezani kabla hujakaa na msanii yeyote. Ramadhani hurudi nyuma siku kama kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo kalenda ya mwaka jana haikufai. Siku za vunja jungu na Idi Mosi, Idi Pili watu wanatafuta burudani wenyewe, hapo weka taarab wala usiumize kichwa. Masika, Machi hadi Mei, labda una paa zuri na barabara nzuri, mimi sina. Januari kuna ada za shule, usimuuzie mtu tiketi huku ameshika orodha ya madaftari. Jumamosi ya mwisho wa mwezi niliichagua kwa sababu ya mishahara, na kwa sababu hata asiye na kalenda anaijua. Mechi za watani wa jadi ziangalie ratiba ikitoka, na ujue ratiba hubadilika, wewe usibadilike.

Vibali sitavisimulia, vinachosha. Jua tu kwamba muziki na ngoma ni mambo ya BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, na mchezo wa jukwaani una sheria yake ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, kwa hiyo usidhani ukiwa na karatasi moja umemaliza. Ulizia miezi miwili kabla.

Na lipa advansi ya ukumbi kwa tarehe zote, mara moja, upewe risiti. Mwenye kuishika kalenda ya ukumbi ndiye mwenye msimu. Mwaka 1976 kule Nairobi, waandishi Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Mugo walikuwa na mchezo wao wa kesi ya Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, wakaomba Kenya National Theatre, jumba la taifa lao, nchi yao ina uhuru karibu miaka kumi na tatu. Wakakuta tarehe zimeshikwa na maonyesho ya kigeni, wakaambulia siku chache tu. Ukumbi ulijaa siku zote hizo, lakini siku zenyewe zikawa hizohizo. Kwao ilikuwa siasa. Mimi mwezi Juni nilikaribia kupokonywa Septemba yangu na kitchen party, na wa kulaumiwa nilikuwa mimi, sikuwa nimelipa.

Ukitaka mfano mkubwa kuliko wangu, angalia tamasha la muziki la Sauti za Busara pale Ngome Kongwe, Zanzibar. Tangu 2004 ni Februari. Mwaka 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha, mwaka 2017 likarudi, Februari ileile, na watu wakalikuta mahali walipoliacha. Fedha zilikwisha, mwezi haukusogea.

Najua nimeshakuhubiria. Mama yangu ananiambia siku hizi ukiniuliza bei ya nyanya nitakujibu siku haisogei. Lakini nikwambie nini kingine? Wasanii wazuri wapo, Morogoro kwenu ngoma hazijaisha. Vyombo vinakodishwa. Jina zuri kila mtu analo.

Wale wa Desemba niliwafuata kwa bodaboda, nikawakuta bado wanapiga soga na mlinzi. Mzee alikuwa amekalia mto wake juu ya tofali. Ufunguo sikuwa nao, wala msanii sikuwa naye. Nikawaomba radhi mmoja mmoja, nikaandika namba zao za simu kwenye kiganja maana karatasi sikubeba. Mzee hakutaka kutoa namba. "Ya nini? Wewe niambie tu inaanza tena lini." Nikamtajia, Jumamosi ya mwisho ya Julai, mchana ule sina hata senti ya advansi. Januari hii nimeshalipia Julai na Agosti.

Basi mdogo wangu, nimeusoma tena ujumbe wako. Umenitajia jina la msimu, rangi za nembo, fulana mia moja na makundi sita uliyozungumza nayo. Tarehe hukunitajia hata moja. Niandikie tena ukiwa nazo.