Tavadi si mwanamfalme

SWALI: Ninatafsiri makala kuhusu ukoo wa Chavchavadze wa nchi ya Georgia, kule Kaukasi. Nimeandika hivi: "Mwaka 1854 wapiganaji wa Imamu Shamil waliivamia Nyumba ya Chavchavadze, wakamteka mke wa Mwanamfalme David." (Shamil ndiye aliyewaongoza Waislamu wa milima ya Kaukasi kupigana na Urusi.) Mhariri wangu amepigia mstari maneno "Nyumba" na "Mwanamfalme" bila kueleza sababu. Kosa langu liko wapi?

JIBU: Mhariri wako yuko sahihi kwa yote mawili, ila "mwanamfalme" ndilo kosa kubwa zaidi, kwa hiyo tuanze nalo. Neno hili limeungwa kwa "mwana" na "mfalme", na maana yake haijaenda mbali na viungo vyake: ni mtoto wa mfalme au, tukilegeza kidogo, mtu wa damu ya kifalme aliye karibu na kiti. David Chavchavadze hakuwa hivyo. Baba yake, Alexander (1786–1846), alikuwa mshairi na jenerali katika jeshi la Urusi. Babu yake, Garsevan, alikuwa balozi wa mfalme wa Kartli na Kakheti, yaani Georgia ya mashariki, na ni mmoja wa wajumbe wawili waliotia saini Mkataba wa Georgievsk, uliouweka ufalme huo chini ya ulinzi wa Urusi, mwaka 1783 kwa niaba ya mfalme huyo. Akina Chavchavadze waliwatumikia wafalme. Ufalme wenyewe ulikuwa wa akina Bagrationi.

Cheo chao kwa Kigeorgia ni tavadi, neno lililotokana na tavi, yaani kichwa. Warusi walipoitwaa nchi, watavadi waliingizwa katika daraja la knyaz, cheo cha makabaila wakubwa wa Urusi, na Wafaransa na Waingereza nao wakalitafsiri knyaz kuwa prince. Katika lugha za Ulaya magharibi neno hilo hubeba watu wa aina mbili au tatu kwa pamoja: mtoto wa mfalme, mtawala wa nchi ndogo, na mkabaila mkubwa. Kiswahili kimezoea kumchukua yule wa kwanza tu na kuwaacha wengine, ndiyo maana hata magazeti yetu humwita mtawala wa Monaco "mwanamfalme" ilhali nchi yake haina mfalme.

Kigeorgia chenyewe hakichanganyi mambo haya. Mtoto wa mfalme huitwa batonishvili, kutokana na batoni, bwana, na shvili, mtoto. Vakhushti, mwanahistoria na mwanajiografia wa karne ya 18, anaitwa Vakhushti Batonishvili kwa sababu baba yake alikuwa Mfalme Vakhtang VI. Huyo ukimwita mwanamfalme hakuna atakayekupinga. (Tukiwa hapo hapo, batoni lina historia inayofanana mno na ya "bwana" wetu: mfumo wa kumiliki wakulima uliitwa batonkmoba, yaani ubwana na utwana, ukaanza kufutwa mwaka 1864, leo "batono" ni neno la heshima tu la kumwita mwanamume yeyote.)

Sentensi yako ina kichekesho ambacho huenda hukukiona. Aliyekuwa na damu ya kifalme katika ndoa ile ni huyo mke aliyetekwa. Anna alikuwa binti wa Ilia Batonishvili, na kwa hiyo mjukuu wa Giorgi XII, mfalme wa mwisho wa Kartli na Kakheti. Alichukuliwa pamoja na dada yake, Varvara Orbeliani, na watoto wao, wakapelekwa milimani Dagestan, wakakaa huko hadi Machi 1855, walipobadilishwa kwa Jamal al-Din, mwana wa Shamil aliyekuwa mikononi mwa Warusi tangu mwaka 1839, pamoja na ruble za fedha 40,000. Ukiandika "mke wa mwanamfalme", umeihamisha hadhi ya mke ukampa mume.

Basi tumwiteje David? "Mwinyi" linavutia, maana asili yake ni "mwenye", na hawa walikuwa wenye ardhi na wenye watu. Lakini linanukia pwani yetu mno, na msomaji atamwona mtu wa Bagamoyo. "Kabaila" ni sahihi kwa maana, ila tangu siku za Azimio la Arusha limekuwa neno la kulaumia, halikai vizuri mbele ya jina la mtu. Mimi ningeliacha "tavadi" kama tunavyoliacha "kabaka" au "shah", nikalieleza mara moja tu: tavadi, kabaila wa daraja la juu.

Ukifika kwa akina Dadiani wa Samegrelo, magharibi mwa Georgia, badili tena. Wao walikuwa na nchi yao waliyoitawala hadi Urusi ilipoufuta utawala huo mwaka 1867, na cheo chao ni mtavari; "mtawala wa Samegrelo" linatosha kabisa. Utakutana pia na eristavi, ambaye asili yake ni mkuu wa jimbo aliyewekwa na mfalme, kisha cheo kikageuka cha kurithiwa. Hapo "liwali" lingefaa: akina Mazrui nao waliwekwa Mombasa na Oman kuwa maliwali, wakaishia kujitawalia wenyewe hadi mwaka 1837.

Kuhusu "Nyumba": Kiswahili husema "watu wa nyumba moja", kwa hiyo maana ya ukoo si ngeni. Lakini nyumba inayovamiwa ni ya kuta na paa, na ile ya David huko Tsinandali, katika Kakheti, kweli ilivamiwa. Andika kwa herufi ndogo. Ukoo wote uite ukoo, na tawi lake liite mlango; mwandishi Ilia Chavchavadze (1837–1907), kwa mfano, ni wa mlango wa Kvareli, si wa Tsinandali.

Sentensi yako sasa iwe: "Mwaka 1854 wapiganaji wa Imamu Shamil waliivamia nyumba ya akina Chavchavadze huko Tsinandali, wakamteka Anna, mke wa Tavadi David." Na ukiambiwa kwamba -dze maana yake ni "mwana", usishawishike kuweka "bin" au "binti". Kiishio hicho ni sehemu ya jina, na wanawake hulibeba vilevile: dada yake David, mjane wa Aleksandr Griboyedov, balozi wa Urusi aliyeuawa Tehran mwaka 1829, ni Nino Chavchavadze, si Nino binti Chavchava.