Mama Nesi Anajibu: Trampolini ya uani na mtoto wa miaka mitatu

Shikamoo Mama Nesi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Goba, Dar es Salaam. Shemeji yangu aliyeko Uingereza ametutumia vitu kwa kontena, na ndani yake kulikuwa na trampolini kubwa ya bustanini, kile kitambaa kilichovutwa kwa springi ambacho watoto hurukia juu yake, ina upana wa mita tatu, miguu ya chuma na wavu wa kuizunguka. Mume wangu ameifunga uani. Wanangu wana miaka tisa, sita na mitatu na nusu. Tangu siku hiyo uani kwetu kumekuwa uwanja wa mtaa. Jumapili niliwakuta watoto saba juu yake kwa mpigo, na huyu wangu wa mwisho yuko katikati. Mume wangu anasema wavu upo, hakuna wa kuanguka. Mama mkwe anasema mifupa ya mtoto ni laini, haivunjiki. Mimi roho iko juu juu. Je, ni salama kwa hawa wadogo? Na nikimkataza, si ndiyo namrudisha kwenye simu? – Mama wa Watatu, Goba

Marahaba mwanangu. Hofu yako ina msingi, na nakuomba uifanyie kazi kabla ya Jumapili nyingine. Huyo wa miaka mitatu na nusu asipande kabisa. Wa miaka sita yuko mpakani, nitamrudia. Wa tisa aruke, lakini awe peke yake juu ya kitambaa. Nitakueleza kwa nini, maana najua utahitaji maneno ya kumwambia mumeo na mama mkwe, na hao wawili wanawapenda watoto hao kama wewe.

Nimefanya kazi wadi ya mifupa ya watoto kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Kuna binti mmoja sijamsahau, wa miaka minne, aliletwa jioni ya sikukuu akiwa bado na gauni lake jipya. Baba yake alimpakata, mguu wa kulia umenyooshwa juu ya mapaja yake, na kila nilipotaka kuugusa chini kidogo ya goti mtoto alishika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Hakuwa na jeraha wala mchubuko. Mguu haukuwa umepinda. Baba alirudia neno moja: "Hakuanguka, nesi. Nilikuwepo. Aliruka tu." Na alisema kweli. Mtoto hakuanguka, hakugusa wavu, hakugusa chuma. Alikuwa anaruka na mjomba wake, kijana mwenye mwili wake, wakicheka wote wawili. Picha ya eksirei ilionyesha ufa mwembamba umepita kwenye mfupa wa muundi, pale juu karibu na goti. Alifungwa hogo, ile plasta ngumu ya kushikilia mfupa, kuanzia pajani.

Madaktari wa mifupa wanaijua vizuri aina hiyo ya kuvunjika, na inawapata hasa watoto wa miaka miwili hadi mitano. Mtu mzito akitua, kitambaa huzama. Akiruka, kitambaa hupanda kwa nguvu. Ikitokea kinapanda wakati mtoto mdogo ndio anashuka, vinakutana njiani, na badala ya kutua pahali laini anapokea kishindo cha mtu mara tano ya uzito wake. Umewahi kushuka ngazi gizani ukadhani umefika chini, kumbe bado, mguu ukagonga vibaya? Ndicho kinachompata, ila yeye ana kilo kumi na tano tu na misuli ya miguu yake haijajua kujihami.

Kwa hiyo mwambie mumeo hivi: wavu unazuia kuanguka nje, nao ni mzuri kuwa nao, lakini sehemu kubwa ya maumivu hutokea ndani ya wavu. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, American Academy of Pediatrics, kilitoa msimamo mwaka 1999 na kikaurudia mwaka 2012: trampolini za nyumbani kwa mchezo wa watoto hawazipendekezi. Walieleza kwamba karibu robo tatu ya majeraha yanatokea wakati watu zaidi ya mmoja wanaruka pamoja, na kwamba aliye mdogo kuliko wote yuko hatarini hadi mara 14 kuliko wenzake wazito. Kwa watoto wa chini ya miaka sita walioumia, karibu nusu (asilimia 48) walivunjika mfupa au kuteguka kiungo. Walisema pia kwamba nyavu na sponji hazikuonekana kupunguza majeraha kama watu walivyotarajia. Na hili linaniuma zaidi: kati ya theluthi na nusu ya majeraha yalitokea mtu mzima akiwapo anaangalia. Kukaa kibarazani na kikombe cha chai hakumzuii mtoto kuvunjika. Kinachomzuia ni ule uamuzi wa nani apande na nani ashuke.

Mama mkwe naye hajakosea moja kwa moja. Mfupa wa mtoto ni laini kuliko wetu, ndiyo maana mara nyingi hupinda au kubonyea badala ya kukatika vipande. Lakini kwenye ncha za mifupa hiyo kuna gegedu ambalo mfupa unakulia kutoka hapo. Likiumia vibaya, mguu unaweza kukua umepinda au ukabaki mfupi kuliko mwenzake. Kwa mtu mzima mfupa ukiunga, habari imekwisha. Kwa mtoto unamfuatilia miaka.

Pengine mumeo atakwambia huu ni mchezo wa Olimpiki. Ni kweli, umo tangu Sydney mwaka 2000, na Mmarekani George Nissen aliyeiunda trampolini ya kisasa miaka ya 1930 alikuwa mwanasarakasi mwenyewe. Lakini mwanamichezo wa Olimpiki yuko peke yake juu ya kitambaa, ana kocha, magodoro mazito yamezunguka, na amefundishwa kusimamisha mruko kabla hajafundishwa kwenda juu.

Sasa huyo wa miaka tisa. Aruke peke yake, katikati ya kitambaa, miguu mitupu, mfukoni hamna kitu. Samasoti marufuku, ya mbele na ya nyuma. Hapo sina mjadala, kwa sababu mtoto anayetua kwa shingo anaweza asitembee tena, na hilo ndilo jeraha baya kuliko yote ya trampolini. Wa miaka sita anaweza kuanza chini ya macho yako: mruko mfupi, dakika chache, na kitu cha kwanza ajifunze kusimama kwa kukunja magoti. Kama ni mtoto wa vurugu, msubirishe mwaka mmoja, hakuna atakachokosa.

Kagua na mahali penyewe. Nyua nyingi za Dar nazijua: kuna sakafu ya zege, kuna ukuta wenye chupa zilizovunjwa juu, kuna mnara wa tangi la maji na mwembe wenye tawi lililoinama. Trampolini ikae juu ya nyasi au mchanga, mahali tambarare, na pembeni yake pote kuwe wazi angalau mita mbili na nusu. Jua letu linakausha wavu na nyuzi za kitambaa, na hewa ya chumvi inakula springi. Kila mwezi pitisha mkono wako kwenye wavu, uvute. Ukikatika mkononi, usiulize mara mbili. Sponji inayofunika springi ikichanika, trampolini ifungwe mpaka ipatikane nyingine, kwa sababu kidole cha mtoto kinaingia pale vizuri sana. Wapo wanaochimba shimo ili kitambaa kiwe usawa wa ardhi. Masika shimo hilo litajaa maji na mbu, kwa hiyo usilichimbe kama huna njia ya kutoa maji.

Ngazi yake iondoe, ifungie stoo. Mtoto wa miaka mitatu anapanda ngazi yoyote anayoikuta. Na asipite chini ya kitambaa wakati kaka yake anaruka, maana kinazama kuliko watu wanavyodhani.

Kuhusu watoto wa jirani, najua ndipo penye ugumu. Huku kwetu huwezi kumfungia geti mtoto wa mwenzio. Waite wazazi wao, waeleze sheria ya nyumba yako: mmoja mmoja, na aliye chini ya miaka sita anacheza kwingine. Atakayenuna atanuna siku mbili. Mlango wa wavu ufungwe kwa kufuli ukiwa hupo.

Na simu? Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri mtoto wa miaka mitatu na minne apate angalau dakika 180 za kuchangamsha mwili kwa siku, na mbele ya skrini asizidishe saa moja. Dakika hizo zote anazipata ardhini. Mwagieni rundo la mchanga uani, mpeni tairi kuukuu la kusukuma, mpira na ndoo. Akililia kuruka kama kaka yake, tandika godoro kuukuu juu ya nyasi, mbali na ukuta, aruke peke yake. Hapo chini atakuwa anaruka kwa nguvu zake mwenyewe, na mwili wake unaimudu nguvu hiyo.

Salamu Mama Nesi, shikamoo. Niko Likoni, Mombasa. Mwanangu wa miaka mitano jana aliruka trampolini kwenye sherehe ya binamu yake, akarudi akilia mguu. Leo hataki kukanyaga. Haujapinda, umevimba kidogo tu chini ya goti. Nyanya yake anataka kumkanda na maji moto na mafuta ya nazi, asema kesho atakimbia. Tungoje? – Baba Mwenye Wasiwasi

Marahaba. Wewe nilikujibu kwa simu siku ileile, na jibu naliweka hapa kwa ajili ya wengine: msingoje, na asikandwe. Mtoto mdogo asiyetaka kukanyaga baada ya kuruka ana mfupa uliovunjika mpaka picha ionyeshe vinginevyo. Ufa wa pale chini ya goti unaweza kuwa mwembamba hivi kwamba kwenye picha ya siku ya kwanza hauonekani vizuri. Ukiambiwa hakuna kitu na mtoto bado hakanyagi baada ya siku chache, mrudishe, omba aangaliwe tena.

Kuchua na kukanda mfupa uliopasuka kunausogeza na kuongeza uvimbe. Nyanya mwambie kwa adabu kwamba mkono wake tutauhitaji baadaye, hogo likishatoka na daktari akiruhusu. Kwa sasa mguu ufungwe pamoja na kitu kigumu, hata gazeti nene lililokunjwa, kwa leso, bila kukaza. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa inasaidia. Panadol ya watoto apewe kwa kipimo cha umri na uzito wake.

Ikiwa ni mkono, hasa juu ya kiwiko, na umepinda au vidole vimekuwa baridi, vyeupe au vina ganzi, hiyo ni haraka ya dakika. Njiani msimpe chakula wala kinywaji, huenda akahitaji dawa ya usingizi. Na mtoto aliyetua kwa kichwa au shingo, akalalamika shingo au akasema hasikii miguu, asinyanyuliwe kwa kuvutwa mikono. Abaki alivyo, mtu mmoja amshikie kichwa kisicheze, mwingine atafute gari la wagonjwa.

Mama Nesi, nina bustani ya vinywaji Tanga. Idd inakaribia na nimenunua trampolini, nataka niwatoze watoto kwa dakika. Napenda kufanya biashara lakini sitaki lawama. Nifanyeje? – Mwenye Bustani

Umefanya vema kuuliza mapema. Siku ya Idd watoto watakuja na nguo mpya, na nguo hizo zina mambo yake: pini za mtandio, mikanda yenye chuma, hereni ndefu, bangili, viatu vyenye kisigino. Weka kapu na mtu wa kuvipokea kabla hawajapanda. Pipi na jojo zitoke mdomoni, mtoto anayeruka na pipi anaweza kukabwa.

Uweke mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ni hiyo tu. Asiwe yule yule anayeuza soda, asiwe kijana wa miaka kumi na mitano anayetamani kupanda naye. Yeye ndiye anayesema shuka na panda, na neno lake liwe la mwisho hata mzazi akija na noti kubwa akitaka ndugu watatu wapande pamoja wapigwe picha. Wapige picha wamekaa, hakuna anayeruka. Mvua ikinyesha, funga mpaka kitambaa kikauke.

Foleni ikirefuka, punguza dakika za kila mmoja, kutoka tano ziwe tatu, lakini juu abaki mmoja. Walio chini ya miaka sita wawekee bembea fupi na mchanga upande wa pili, kwa nusu bei, karibu na meza za mama zao.